Wiki 12 za Supu ya Unga: Tathmini ya Mpango wa Path to Remission kwa Mwenye Kisukari

Tangu mwaka 2024 mpango wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, uitwao Path to Remission unapatikana England nzima kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili wanaotimiza masharti yake. Anayekubaliwa huacha chakula cha kawaida kwa wiki 12 na kuishi kwa supu na vinywaji vya unga unaokorogwa kwa maji, jumla ya kalori 800 hadi 900 kwa siku, kisha hurudishiwa chakula hatua kwa hatua na kufuatiliwa na mshauri mpaka mwaka utimie. Halipi chochote, na maboksi ya unga huletwa mpaka mlangoni. Nimeupitia mpango huu nikiishi Leicester, nami ni mlaji wa ugali, wali wa nazi na chai ya maziwa yenye sukari kama walivyo wengi waliolelewa Tanga. Ninaandika kwa ajili ya wenzangu walioko Uingereza wanaofikiria kuomba rufaa, na pia kwa ndugu walioko nyumbani ambao wamekuwa wakiniuliza kwa simu kama unga huo unapatikana Kariakoo. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba sehemu ya kwanza, ambayo kila mtu huiogopa, imeandaliwa vizuri kuliko nilivyotarajia, na sehemu ya pili, ambayo wengi hudhani kuwa ni rahisi, ina mapengo makubwa kwa mtu anayekula kama sisi.

Nianze na msingi wa mpango wenyewe, kwa sababu tumezoea kuuziwa unga wa kila namna na watu wasiojua hata kongosho liko wapi. Profesa Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle alipendekeza mwaka 2008 kwamba kisukari cha aina ya pili hutokana na mafuta yaliyofurika katika viungo visivyostahili kuyahifadhi. Ini likijaa mafuta huacha kuitikia ipasavyo insulini, yaani homoni inayoshusha sukari ya damu, likaendelea kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha hata mtu akiwa amelala na tumbo tupu. Likielemewa zaidi husafirisha mafuta kwenda viungo vingine, kongosho likiwemo, na hapo chembe zinazotengeneza insulini hulegea. Ikiwa mambo yako hivyo, mtu anayepunguziwa chakula kwa kiwango kikubwa atalazimika kuyatumia mafuta hayo, na viungo vitapata nafasi ya kufanya kazi tena. Mwaka 2011 timu yake ilichapisha matokeo ya watu 11 waliokula kalori zipatazo 600 kwa siku kwa wiki nane. Ndani ya wiki ya kwanza sukari yao ya asubuhi ilikuwa imerudi kwenye kiwango cha kawaida, na hadi mwisho wa wiki ya nane mafuta kwenye ini yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 12.8 hadi asilimia 2.9.

Watu 11 ni wachache, na ndiyo maana ulifuata utafiti mkubwa zaidi ulioitwa DiRECT, ambao Taylor aliuongoza pamoja na Profesa Mike Lean wa Chuo Kikuu cha Glasgow kwa fedha za shirika la Diabetes UK. Ulifanyika katika kliniki za kawaida za madaktari wa familia huko Scotland na Tyneside, na matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka Desemba 2017: asilimia 46 ya waliopewa mlo huo kisukari chao kilikuwa kimetulia, ikilinganishwa na asilimia 4 ya waliopata matibabu ya kawaida. Kutulia maana yake kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kiwe chini ya 48, yaani asilimia 6.5, bila dawa yoyote ya sukari. Kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifika hapo.

Hizo ndizo namba zinazotajwa kila mahali, na nilizikuta katika kijitabu nilichopewa na kampuni inayoendesha mpango katika eneo letu. Namba za baadaye hazikuwemo. Baada ya miaka miwili waliobaki katika hali hiyo walikuwa asilimia 36, na baada ya miaka mitano, kati ya watu 85 wa kundi hilo walioendelea kufuatiliwa, ni asilimia 13 tu. Mpango wa NHS wenyewe, ulioanza kwa majaribio mwaka 2020, ulionyesha kwamba kati ya waliomaliza mwaka mzima na vipimo vyao vikapatikana, asilimia 32 kisukari kilikuwa kimetulia. Sizitaji namba hizi ili kumkatisha mtu tamaa. Mtu mmoja kati ya watatu kuachana na vidonge ni jambo kubwa ambalo miaka 20 iliyopita madaktari wengi wasingelisadiki. Lakini anayeingia akidhani wiki 12 zinamaliza kazi anapaswa kuziona kabla ya kutia sahihi.

Kuingia kwenyewe hakukuwa na usumbufu. Rufaa hutolewa na daktari wa familia, na masharti makuu ni kwamba mtu awe na umri wa miaka 18 hadi 65, ugonjwa uwe umegunduliwa ndani ya miaka sita iliyopita, asiwe anatumia insulini, na kwa mwanamke asiwe mjamzito wala ananyonyesha. Uwiano wa uzito na urefu unatakiwa uwe angalau 27 kwa Wazungu, na 25 kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia. Tofauti hiyo imewekwa kwa haki, maana miili yetu huanza kupata kisukari kabla ya unene kufika kiwango kinachowashtua Waingereza. Hata hivyo bado inawaacha nje wembamba wenye kitambi kidogo, na kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hiyo mwenye sukari ya kupindukia. Utafiti mwingine wa timu ya Newcastle, uliowahusu watu 20 wasio wanene, ulikuta kwamba 14 kati yao kisukari kilitulia baada ya kupunguza takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wao, kwa hiyo mlango huo ungeweza kufunguliwa zaidi.

Jambo lililonipa imani zaidi na mpango huu lilitokea kabla sijakoroga supu ya kwanza. Muuguzi alipitia dawa zangu moja baada ya nyingine, akaandika ipi inaachwa siku ya kwanza, ipi inapunguzwa, na ipi inaendelea. Wengi hulichukulia jambo hili kama karatasi za ofisi tu, kumbe hapa ndipo usalama wote ulipo. Mtu anayetumia gliklazidi akala kalori 800 anaweza kushukiwa na sukari mpaka akazimia barabarani, kwa kuwa kidonge hicho huilazimisha kongosho kutoa insulini hata pasipo na chakula cha kuisubiri. Anayetumia vidonge vya sukari vya dapagliflozini au empagliflozini yuko kwenye hatari ya namna nyingine, ya damu kujaa asidi huku mashine ya kupima sukari ikionyesha namba isiyotisha. Dawa za presha nazo huhitaji kuangaliwa, kwa sababu presha hushuka pamoja na uzito, na kizunguzungu cha kuinuka kitandani kimewaangusha wengi. Mimi nilikuwa natumia kidonge cha sukari cha metformini pamoja na kidonge kimoja cha presha. Cha kwanza kikasimamishwa, cha pili kikapunguzwa nusu, na nikapewa miadi ya kupimwa tena.

Kuhusu vyakula vyenyewe sina sifa nyingi za kutoa. Kuna supu za kuku, za mboga na za uyoga, kuna vinywaji vya vanila, stroberi na chokoleti, na kuna uji wa shayiri wa kuchanganya na maji ya moto. Uji unalika. Vinywaji ni vitamu kupita kiasi kwa mtu mzima. Supu ya uyoga ni sawa na maji yaliyosuuzia sufuria, na sikuona sababu ya kuiagiza mara ya pili. Kilichoniokoa ni ruhusa ya kutumia viungo: ndimu na pilipili ya kusaga viliigeuza supu ya kuku ikawa kitu ambacho mtu anaweza kukikalia mezani, na bizari kidogo ilitosha kuisahaulisha ile ya mboga. Chai ya rangi isiyo na sukari inaruhusiwa bila kipimo, nami niliitia iliki, mdalasini na tangawizi kama kawaida ya pwani, nikagundua kwamba sehemu kubwa ya hamu yangu ya chai ilikuwa hamu ya viungo na ya kushika kikombe cha moto.

Njaa haikuwa adui niliyemtarajia. Siku za mwanzo zilikuja na maumivu ya kichwa, baridi ya mifupa ambayo hapa Uingereza haihitaji msaada, na harufu mbaya ya kinywa inayotokana na mwili kuchoma mafuta. Baada ya hapo tumbo lilitulia kwa namna inayoshangaza, na maelezo ya mshauri kwamba hali hiyo ni ya kawaida yalikuwa ya kweli. Choo kigumu kilidumu zaidi, licha ya unga wa nyuzinyuzi unaotolewa pamoja na vifurushi na agizo la kunywa maji yasiyopungua lita mbili kila siku. Yapo pia madhara ambayo hayakunipata lakini yanapaswa kutajwa: nywele kupukutika, na vijiwe vya nyongo kwa baadhi ya wanaopungua haraka. Sukari yangu ya asubuhi ilianza kushuka mapema, kabla mizani haijaonyesha mabadiliko ya maana, jambo linaloafikiana na yale ya ini niliyoyaeleza hapo juu.

Ugumu wa kweli ulikuwa wa watu na wa saa. Ninafanya kazi ya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, kama wafanyavyo Waafrika Mashariki wengi hapa, na ratiba iliyochapishwa inamdhania kila mtu anapata kifungua kinywa asubuhi na chakula cha jioni saa kumi na mbili. Mshauri wangu alikuwa msikivu, akanipangia upya vifurushi vinne kuanzia ninapoamka alasiri mpaka ninapomaliza zamu, na nampa alama za juu kwa hilo; lakini ilinibidi nianze mimi kuuliza. Nyumbani, sinia likiwekwa mkekani na watu wakazunguka, anayekaa pembeni na kikombe chake huonekana kama aliyenuna. Mke wangu aliona ni afadhali awaeleze wageni mapema kwamba baba watoto yuko kwenye dawa, na neno dawa lilifanya kazi ambayo maelezo marefu kuhusu kalori yasingeweza kuifanya, kwa sababu hakuna Mswahili anayemlazimisha mgonjwa avunje masharti ya dawa.

Kisha chakula kinarudi, na hapa ndipo ninapokuwa na malalamiko. Kwa wiki kadhaa kifurushi kimoja huondolewa na mahali pake huwekwa mlo mdogo wa kupika, baadaye cha pili, mpaka mtu awe anakula chakula cha kawaida kwa kipimo kipya. Utaratibu huo ni mzuri. Tatizo ni kwamba picha na mapishi niliyopewa na kampuni yalihusu mkate wa kukaanga, viazi vya kuoka, tambi na saladi ya jibini, vyote vikiwa katika sahani ya mtu mmoja. Mfano wa chakula cha Kihindi ulikuwepo, wa Karibi ulikuwepo, lakini ugali haukutajwa mahali popote, wala muhogo, wala maharage ya nazi. Nilipouliza ugali una kalori ngapi nilijibiwa nitafute unga wa mahindi kwenye programu ya simu, ambayo ilinipa thamani ya unga mkavu, na ugali hauliwi mkavu.

Ilibidi nifanye hesabu mwenyewe kwa mizani ya jikoni, na matokeo yake yanaweza kumsaidia mwingine. Nilikuwa nikiuogopa ugali, kumbe kilichokuwa kikiniumiza zaidi ni kile kinachousindikiza. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kula kina takriban kalori 120, iwe ni alizeti, mawese au samli iliyoyeyuka, na mchuzi wetu huanza kwa mtu kumimina kutoka kwenye chupa bila kuangalia. Wali uliopikwa kwa tui zito na maharage yaliyoungwa kwa tui hilohilo hukusanya mafuta mara mbili katika mlo mmoja. Chapati inadaiwa samli iliyomo ndani ya tabaka zake zaidi ya unga wake. Kijiko cha chai cha sukari ni takriban kalori 16, kiasi kidogo, mpaka mtu ahesabu vikombe vya kutwa nzima vyenye vijiko viwili viwili, bado maziwa na maandazi yanayofuatana navyo.

Kwa upande mwingine, jiko letu lina vyakula vinavyofaa mno kwa hatua hii, na inasikitisha kwamba mwongozo haukuvijua. Samaki wa kuchoma kwa ndimu, dagaa wa kuchemsha kwa nyanya, mchicha, matembele, bamia, mlenda, biringanya, kunde na choroko visivyotiwa tui vinaweza kujaza sahani kwa kalori chache, na tonge chache za ugali zikatosha kuvisindikiza. Hapa Leicester vyote hivyo hupatikana kwenye maduka ya Wahindi, ambao baadhi yao familia zao zilifukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 na wakaja na mazoea ya kula mihogo na matoke. Mboga nilizozihitaji katika hatua hii nilizipata kwa wauza duka hao, wakati kijitabu kilikuwa kikinipeleka kwenye brokoli.

Mfungo wa Ramadhani ulistahili sura yake pia. Ushauri nilioupata ulikuwa wa busara kuhusu kutoanza wiki 12 karibu na mwezi huo, lakini hakuna aliyezungumzia futari, ambapo kabla ya chakula chenyewe mtu amekwisha kula tende, kalimati, sambusa, viazi vya nazi na uji mtamu. Mwislamu anayemaliza hatua ya unga mwezi mmoja kabla ya Ramadhani aombe kikao maalumu na mshauri kwa ajili ya jambo hili, asingoje kuulizwa.

Walioko nyumbani wanataka kujua kama haya yanaweza kufanyika bila NHS. Utaratibu wenyewe haujafungwa kwa Waingereza: utafiti wa DIADEM-I uliofanyika Qatar na kuchapishwa mwaka 2020, kwa watu wa miaka 18 hadi 50 wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini waliogunduliwa ndani ya miaka mitatu, ulipata asilimia 61 ya waliotulia baada ya mwaka mmoja, na ndugu zetu walioko Ghuba wanaweza kumuuliza daktari kuhusu hilo. Unga unaofaa ni ule uliotengenezwa kuwa mbadala kamili wa chakula, wenye protini, vitamini na madini yote ya siku. Makopo mengi ya kupunguza uzito yanayouzwa mitandaoni hayako hivyo, na nembo ya TBS au KEBS kwenye kopo haina maana kwamba bidhaa hiyo imethibitishwa kutibu kisukari. Kalori 800 zinaweza kupatikana kwa chakula cha kupika, ila kupanga protini ya kutosha ndani ya kiasi hicho ni kazi ya mtaalamu wa lishe, na kliniki za kisukari za hospitali kubwa wanao. Anayetumia insulini au gliklazidi asithubutu peke yake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haya hayamhusu kabisa, kwani kongosho lake halikuzuiwa na mafuta, na kuacha insulini kunaweza kumuua.

Kwa upande wangu, HbA1c ilikuwa 59 nilipoanza, na kipimo cha mwisho wa mwaka kilisoma 44 bila metformini. Nilipungua kilo 13 hivi, na tatu zimesharudi tangu vikao vilipokwisha, jambo ambalo namba za miaka mitano zilikuwa zimenitayarisha kulitarajia. Hapa tena nina dosari ya kuitaja: katika DiRECT aliyeongezeka zaidi ya kilo mbili alipewa nafasi ya kurudi kwenye unga kwa muda, ilhali mwaka ukiisha katika mpango huu mtu hurejeshwa kwa daktari wa familia, ambaye dakika zake kumi hazitoshi kuzungumza kuhusu tui. Kipimo cha macho, miguu na figo kinaendelea kila mwaka kama zamani, hata kwa aliyetulia.

Ninaupendekeza kwa mtu aliyegunduliwa karibuni, anayetumia vidonge tu, na mwenye walau mtu mmoja nyumbani atakayekuwa upande wake. Miaka sita ya sharti huhesabiwa kuanzia tarehe ya kugunduliwa iliyoandikwa kwenye faili, wala si siku dalili zilipoanza, na tarehe hiyo inapatikana kwa kuuliza mapokezi ya kliniki. Anayeomba rufaa aende na orodha ya dawa zote anazotumia, pamoja na mitishamba na vidonge vilivyotumwa kutoka nyumbani, kwa sababu muuguzi anaweza kusimamisha kile tu anachokijua.